Onja Nikuamini

Tangu alfajiri moyo wa Zita ulikuwa unakwenda mbio, na kila pikipiki iliyopita barabara ya Izia ilimfanya ainue kichwa. Ilikuwa Jumamosi ya posa yake. Wazee wa Andwele walikuwa wametoka Mbeya jana, wakalala Laela kwa ndugu yao, na saa sita mchana wangeingia uani kwa baba yake. Jua likigeuka tu, angekuwa mchumba wa mtu kwa kauli ya koo mbili. Mwalimu mzima wa hesabu, anayenyamazisha kidato cha tatu kwa jicho moja, alikuwa amechambua mchele uleule mara tatu na bado hajui kama una mawe au hauna.

Andwele hakuwa amemwona tangu Krismasi. Alikuwa afisa uvuvi, na kuanzia Januari kazi ilimshikilia huko mwambao wa Kabwe, kwenye makambi ya wavuvi ambako simu haishiki mpaka mtu apande kilima. Kila Ijumaa saa mbili usiku Andwele alishika tochi akapanda kile kilima ili ampigie Zita. Waliongea nusu saa, wakati mwingine hata haifiki, na kwa nusu saa hiyo Zita aliishi wiki nzima.

Na nusu saa hiyohiyo ndiyo iliyomponza.

Maana Ijumaa ilikuwa pia siku ya walimu. Kengele ya mwisho ikishalia, Zita na wenzake walikwenda kukaa mahali pao mjini, sahani ya nyama choma katikati, soga, vicheko, kila mtu na kinywaji chake. Zita alikuwa na chupa zake mbili, hazizidi. Jumapili baada ya misa, kama kuna sherehe, kikombe kimoja cha pombe ya ulezi kwa heshima ya mwenye nyumba. Hakuna aliyewahi kumwita mlevi, na ambaye angemwita hivyo angemwonea.

Ijumaa moja ya mwezi wa pili alirudi nyumbani na chupa zake mbili, akajinyoosha kidogo kusubiri simu. Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshatoka. Kwenye simu palikuwa na alama kumi na moja za kupigiwa na ujumbe mmoja: "Nimesubiri mpaka chaji imeisha. Lala salama, mama." Zita alikaa kitandani akausoma ule ujumbe hadi herufi zikamchezacheza machoni. Angekuwa amelewa, angepata la kusingizia. Hakulewa. Chupa mbili tu za kawaida, za furaha, ndizo zilizomlaza wakati mwanaume anayempenda amesimama gizani juu ya kilima, upepo wa ziwa unampiga, anabonyeza jina lake mara kumi na moja.

Wiki iliyofuata aliagiza soda. Akapokea simu mlio wa kwanza, na Andwele akacheka kwa mshangao. Halafu akagundua mambo ambayo hakuyatafuta: usingizi ulikuja mzito na mtamu, Jumamosi ikawa na asubuhi, madaftari ya kusahihisha yakaacha kumtisha. Pale mezani wenzake wakamtania, kisha mmoja mmoja wakaanza kumwiga. Violeth alisema naye anapunguza, gauni la harusi ya dada yake limegoma kufungwa. Mwalimu Obedi alipunguza kwa sababu daktari alimpima presha akamwangalia kwa upole zaidi ya ilivyostahili. Kila mtu alitangaza sababu yake kwa sauti. Zita peke yake aliificha ya kwake, maana ilikuwa tamu mno kuianika juu ya meza ya nyama.

Kwaresima ilipoingia hakuna aliyeshangaa, nusu ya mji ilikuwa imefunga kitu fulani. Siku ya Pasaka yenyewe alikunywa glasi moja ya divai na baba yake, Mzee Wilibrodi, akaifurahia kweli. Hakuwa ameapa kitu kwa mtu. Tatizo lilianza baada ya Pasaka, watu wote waliporudi vikombeni na yeye hakurudi.

Mwezi wa tano kulikuwa na sherehe ya kipaimara ya binti wa Fabiani, binamu yake. Shangazi Monika, dada wa baba, mwanamke mwenye macho yanayoona mpaka mtu alichokula jana, alimpitishia kikombe cha ulezi. Zita akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini taratibu. Shangazi akakitazama kikombe. Kisha akamtazama Zita tumboni.

Hakumuuliza kitu, alimpapasa tu bega kwa huruma. Na hakuna mwingine aliyeuliza. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake, jambo zito haliulizwi, linapikiwa. Kesho yake mama yake alianza kumwekea maini. Baada ya hapo mayai, kisha mboga za majani asubuhi na jioni. Zita, ambaye ni mjuzi wa hesabu za vitabuni tu, alidhani mama anampenda zaidi kwa kuwa karibu ataolewa, akala maini yake bila wasiwasi wowote.

Sasa Fabiani ni mfanyabiashara wa dagaa. Huteremka Kabwe kununua, akapandisha mzigo Laela kuuza. Na Fabiani ana moyo mweupe na mdomo usio na kizibo.

Saa tatu na nusu asubuhi pikipiki moja haikupita. Ilizimika nyuma ya nyumba, karibu na ghala la mahindi. Zita aliacha ungo akatoka.

Alikuwa yeye. Vumbi la barabara limemfanya mwekundu hadi kwenye nyusi, koti zito limefungwa mpaka shingoni, midomo imepasuka kwa baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita. Alikuwa amekonda, amefuga ndevu kidogo, na ndevu zilimpendeza. Miguu ya Zita ilitaka kukimbia. Mwanaume haji kwa wakwe siku ya posa kabla ya wazee wake, hilo hata Mnyakyusa wa Tukuyu kama yeye analijua, lakini kwa wakati ule desturi zote Zita angezitupa nyuma ya ghala.

Ila Andwele hakunyoosha mikono. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, macho yenye kiu, kisha macho yale yakashuka mpaka tumboni, yakakaa hapo.

"Umetoka ziwani usiku wote na pikipiki?" Zita aliuliza. Furaha ilikuwa imeanza kumnywea kifuani.

"Fabiani amenipa hongera."

"Ya posa?"

"Ya mtoto."

Zita alicheka. Hakupanga, kicheko kilitoka chenyewe, na ghafla maini yote ya mama yake yakamjia akilini sahani kwa sahani, na bega lililopapaswa, na jinsi jirani zao walivyompisha kwenye foleni ya maji. Aliinua kichwa akitegemea Andwele naye anacheka. Andwele hakuwa anacheka.

"Zita, mimi sijapanda huku tangu Krismasi. Kama ni kweli, si wangu."

"Sina mimba, Andwele."

Alifumba macho, mabega yakashuka. Kwa kitambo kidogo Zita aliamini yameisha, akasogea hatua moja, karibu kabisa, hata akasikia harufu ya petroli na jasho kwenye lile koti. Kisha Andwele akafumbua macho.

"Basi pombe umeiachia nini? Tumekaa wote, nakujua, chupa zako mbili kila mtu anazijua. Hujabadili dini. Huumwi. Mtu haamki tu akaacha."

"Sijaacha. Nimepunguza."

"Kwa sababu gani?"

Sababu ilikuwa imesimama mbele yake na vumbi kwenye nyusi. Jibu lilimjia hadi kwenye ncha ya ulimi. Kwa sababu yako, mjinga wewe. Kwa sababu ya kile kilima. Miezi minne alikuwa amelitunza neno hilo ili amwambie siku moja wakiwa wawili, labda usiku wa ndoa, labda wakiwa wazee. Leo lingetoka kama utetezi wa mtuhumiwa mbele ya polisi, na asingeweza kulirudisha likawa tamu tena. Akanyamaza.

Kunyamaza kwake Andwele alikusoma vibaya. Pembeni ya ghala, juu ya mafiga, chungu cha pombe ya posa kilikuwa kinatoa mvuke, na juu ya kifuniko Shangazi Monika alikuwa ameacha kikombe. Andwele alikijaza, akamletea.

"Funda moja tu. Mwenye mimba asingekunywa, wewe mwenyewe huwa unawakemea wenzako. Onja nikuamini, halafu sitauliza tena maisha yangu yote."

Kauli hiyo ilimpata pabaya.

"Kumbe neno langu halitoshi mpaka chungu kiniwekee dhamana."

"Sikusema hivyo. Wazee watauliza, Zita. Maneno yamefika Laela, na wao wamelala Laela."

"Nenda ukaoge, uvae," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa utulivu. "Wazee wako wasikukute umesimama ghalani kwa watu."

"Na saa sita?"

"Saa sita utaona."

Aliingia chumbani akajifungia. Alilia, ndiyo, na bado hapohapo katikati ya kulia alijikuta anafikiria zile ndevu, akajikasirikia. Mapenzi hayana adabu hata kidogo.

Saa sita uani palikuwa pamejaa. Upande mmoja ukoo wa Mzee Wilibrodi, upande mwingine wageni wa Mbeya na makoti yao ya suti, na katikati, juu ya mkeka mpya, chungu. Mzee Stanley, baba mkubwa wa Andwele, ndiye aliyekuwa msemaji wa wageni. Alisalimu, akasifu nyumba, akasifu mahindi, kisha akakohoa. Alisema kwa adabu sana kwamba njiani walisikia maneno, wala hawakuja kuyarudia mbele ya watu. Wameambiwa ukoo huu una mrija wake, basi wao wataangalia mrija.

Ukoo ule ulikuwa nao kweli. Tangu enzi za bibi zao, binti anayeposwa huletwa mbele ya chungu cha ulezi, huvuta mrija kwanza, kisha humkabidhi mwanaume. Akivuta, amekubali. Asipovuta, wageni huaga kwa heshima na kurudi walikotoka, wala hakuna anayeuliza kwa nini. Shangazi Monika aliyaeleza hayo kwa wageni, uso umemkauka kwa hofu, maana yeye ndiye aliyeamini kuliko wote kwamba mpwa wake hawezi kuvuta.

Zita alipiga magoti. Gauni la kitenge la kijani, nywele zimesukwa upya, macho yamevimba kidogo. Andwele alikuwa ameketi nyuma ya wazee wake, amenyoa zile ndevu, jambo ambalo Zita aliliona mara moja na kulisikitikia.

Alishika mrija. Harufu ya ulezi ilimpanda puani, harufu ya mavuno, harufu anayoipenda tangu utoto. Kuvuta kulikuwa rahisi. Funda moja lisingemlaza wala kumvunjia ahadi yoyote. Angevuta, watu wangecheka, jina lake lingesafishika, na Andwele angemwamini. Angemwamini leo. Na kesho akiamka na kichefuchefu cha malaria, au akichelewa kutoka shuleni, angeonjeshwa nini tena? Mwanaume aliyemtaka kuliko wote alikuwa hatua nne kutoka pale, na kati yake na yeye palikuwa na bomba dogo la unyasi mkavu.

Akaurudisha mrija chunguni. Akakaa juu ya visigino vyake, mikono mapajani.

Mama yake alijifunika mdomo kwa upande wa khanga. Mzee Stanley aliinuka taratibu kuchukua kofia yake msumarini.

"Baba mkubwa, naomba kusema."

Andwele alikuwa amesimama. Mwoaji hasemi siku ya posa, na wazee wake wawili walimvuta koti akae, lakini hakukaa. Uso ulikuwa umemwiva.

"Hiyo kofia iacheni kwanza. Asubuhi nilikuja hapa kabla yenu, kwa siri. Nilimuuliza huyu binti, akanijibu kwa mdomo wake kwamba hana mimba. Na mimi nikachukua kikombe nikakiweka juu ya neno lake. Nikamwambia aonje nimwamini. Tangu nilipotoka hapa ghalani nimejiona mdogo. Nasema mbele yenu wote, asionje. Neno lake linanitosha, leo na siku zote. Akinikataa, anikatae kwa ujinga wangu wa asubuhi. Asinikatae kwa mrija."

Zita aliinua kichwa. Alikuwa hajamwambia sababu. Huyu mtu hakuwa na ushahidi hata mmoja mkononi, amesimama mbele ya wazee wake anajiaibisha kwa neno moja tu alilopewa.

"Baba," alimgeukia Mzee Wilibrodi, "naomba na mimi nimjibu."

Mzee Wilibrodi, mtu wa maneno machache, alitikisa kichwa kukubali.

Akamgeukia Andwele. Kwa dakika chache zilizofuata wazee walikuwa miti tu.

"Uliniuliza sababu. Mwezi wa pili kuna Ijumaa ulinipigia mara kumi na moja. Ukaniandikia chaji imeisha. Unajua nilikuwa wapi? Nilikuwa kitandani, nimelazwa na chupa mbili. Si kumi. Mbili, zilezile ulizokuwa unazijua. Nikasema hapana, huyu mtu anapanda kilima kwa ajili yangu, na mimi nashindwa kukaa macho kwa ajili yake? Nikapunguza. Usingizi mzuri na nguvu za Jumamosi ni nyongeza, nimezipokea. Lakini nilianza kwa sababu nilitaka kukusikia ukisema habari ya jioni."

Andwele aliketi ghafla, akaficha uso viganjani, mabega yanatikisika.

"Maini yangu yote," alinong'ona mama yake Zita, na wanawake waliokuwa karibu wakabana vicheko.

Shangazi Monika ndiye aliyerudisha watu kwenye desturi. Alisema amefurahi, na aibu inamtafuna, ataomba radhi baadaye kwa kila mtu. Lakini mrija ni mrija. Binti hajavuta, na asiyevuta hajakubali, wageni watapeleka jibu gani kwao?

Watu walimtazama Mzee Wilibrodi. Alichukua muda wake, akajikuna kidevu.

"Dada, mrija unavutwa kwa kitu gani?"

"Kwa mdomo, kaka."

"Na neno linatoka wapi?"

Shangazi Monika akakitazama chungu.

"Mdomo ni uleule," alisema mzee. "Zita, sema."

"Ninamtaka," alisema Zita.

Alitegemea sauti itoke ndogo, ya kibinti, inayofaa mahali penye wazee. Ilitoka sauti ya darasani, ikafika mpaka barabarani. Shangazi Monika, mwenye kuanzisha balaa lote, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na wanawake wa Mbeya wakakidaka, ua mzima ukalipuka. Andwele alivuka ule mkeka kwa magoti bila kungoja kuruhusiwa na mtu. Alimshika Zita vidole, basi, zaidi ya hapo wazee wangekohoa, lakini vidole vyake vilikuwa vya moto na vilisema mengi.

Chungu kikanyweka. Wapenda kunywa sana walikunywa sana, wapenda kidogo walikunywa kidogo, na hakuna aliyehesabu vikombe vya mwenzake. Mzee Stanley, sasa amerudisha kofia yake kwenye msumari na moyo wake mahali pake, alisema tumalize kazi, tutaje mwezi wa harusi. Alipendekeza mwakani baada ya mavuno, watu wajipange vizuri.

"Mbali," alisema Zita.

Wazee waligeuka. Binti hasemi pale wanapopanga mwezi, lakini siku hiyo desturi ilikuwa imeshachoka kupigana naye. Mzee Stanley alikuna sikio, akarudi nyuma hadi Desemba, Krismasi, watoto wote wako nyumbani.

"Mbali, baba."

"Mwezi wa tisa?"

Zita alihesabu miezi kwa vidole, kana kwamba mwezi wa tisa nao una walakini. Shangazi Monika akashindwa kujizuia.

"Mwanangu, haraka ya nini, kama kweli tumboni hamna kitu?"

Kicheko kilizunguka ua mara mbili, mpaka Mzee Wilibrodi akafuta machozi kwa mkono wa shati. Zita naye alicheka. Kisha akanyoosha shingo, akamtazama Andwele moja kwa moja, mbele ya baba zake na wazee wa Mbeya, akamtazama mpaka yeye, mwanaume, ndiye akaona haya akainamisha kichwa.

"Haraka ni yangu mwenyewe, shangazi."